Mstari wa Mwenza

Watu wakisikia kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza katika sekondari ya wazungu pale Pruitt, Karolina Kusini, mwaka wa sitini na tano, swali lao la kwanza huwa ni mawe. Walikurushia mawe, Leontine? Walikutemea mate? Nikiwajibu kwamba nilirushiwa jiwe moja tu, tena likampata mbwa wa jirani, naona nyuso zinawashuka kama watu waliokaribishwa chakula wakakuta sufuria tupu. Jamani! Basi niwaambie kilichotaka kunitoa roho mimi. Kilikuwa mstari mmoja kwenye karatasi.

Kila ukurasa wa daftari la kemia ulikuwa na mistari mitatu juu. Jina lako. Tarehe. Jina la mwenza wako. Majaribio yote ya maabara yalifanywa na watu wawili wawili, mmoja anamimina na mwingine anaangalia, halafu wote wanaandika majina. Ukutani palikuwa na ubao wa sheria, na sheria ya kwanza ilisema: asiye na mwenza asiwashe moto. Sheria nzuri, sikatai. Asidi haina mchezo.

Siku ya kwanza mwalimu wa kemia, Bwana Haskew, alisema kila mtu achague mwenza. Wazungu walikuwa ishirini na watatu. Mimi nilikuwa wa ishirini na nne, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeona kwamba hesabu inagawanyika vizuri. Wao wakajipanga jozi kumi, na waliobaki watatu wakabanana kwenye meza moja. Nikabaki peke yangu kwenye meza ya nyuma, karibu na sinki, natazama jiko la gesi nisiloruhusiwa kuliwasha.

Wiki ile daftari langu lilirudi na wino mwekundu: Hakuna mwenza. Sifuri. Wiki ya pili sifuri. Ya tatu sifuri. Ilipofika wiki ya sita nilikuwa na sifuri sita zimepangana kama vifungo vya koti.

Na kemia ile niliihitaji, si kwa fahari. Chuo cha uuguzi nilichokitaka hakikumchukua mtu asiye na kemia ya maabara, na shule yetu ya weusi haikuwa na maabara. Mwalimu wetu kule, Bi Ravenel, Mungu amrehemu, alikuwa akituchorea moto ubaoni kwa chaki nyekundu. Mama yangu alifua mashuka katika hospitali ya wilaya miaka kumi na moja, akiingilia mlango wa nyuma pamoja na makaa ya mawe. Alikuwa ameniambia neno moja tu: "Wewe utaingilia mlango wa mbele, na kofia nyeupe kichwani." Sasa kofia ile ilikuwa imekwama kwenye mstari wa mwenza.

Nikamfuata Bwana Haskew. Nikasimama mbele ya meza yake na adabu zangu zote.

"Mwalimu, naomba unipangie mwenza."

Unajua yule mtu hakuwa amenisemesha hata mara moja tangu shule ifunguliwe? Hata siku ile hakunisemesha mimi. Alilisemesha dirisha.

"Siwezi kumlazimisha mtoto wa mtu," akaliambia dirisha.

"Na mimi ni mtoto wa nani?" nikataka kuuliza, lakini mama alikuwa ameniapisha nisijibishane, nikarudi mezani nimejaa hasira mpaka kooni.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Kanisani kila mtu alikuwa na ushauri. Mchungaji akaniambia niombe. Wakili aliyetujia kutoka Columbia, mji mkuu wa jimbo, akaniambia niandike kila tukio la fujo; nikamwambia kuhusu sifuri, akafikiri, akasema sifuri si fujo. Dada Eulalee wa kwaya akanipa glavu nyeupe, akanishika mashavu: "Waonyeshe, binti! Waonyeshe!"

"Niwaonyeshe nini, Dada Eulalee? Hata kiberiti sijakabidhiwa."

"Mh! Mtoto huyu ana mdomo," akamwambia mama, kana kwamba mimi sipo.

Ni pale mlangoni pa kanisa ndipo Shemasi Gadsden aliponiita pembeni. Nimweleze kwanza huyu. Jumapili alikuwa Shemasi Theophilus Gadsden, mwenye saa ya mnyororo mfukoni na sauti ya kusomea matangazo, na saini yake ilikuwa kwenye cheti cha ubatizo cha kila mtoto aliyezaliwa mtaani kwetu, changu kikiwemo. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa mfagizi katika shule ile ile ya wazungu, na kule walimwita Sonny. Watu weupe wa Pruitt hawakumwita mtu mweusi "Bwana" hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Lakini hata hilo la Sonny halikuwa lake. Mfagizi aliyemtangulia ndiye aliyeitwa Sonny. Akafa, Shemasi akachukua kazi, na wao wakaona taabu kubadilisha. Miaka kumi na tisa mtu anaitikia jina la marehemu!

"Nasikia unapata sifuri," akasema.

"Shemasi, usinianze na wewe. Ukiniambia niombe nitapiga kelele hapa hapa."

Akacheka. "Sheria ya nne inasemaje?"

"Sheria ipi?"

"Kwenye ubao wa maabara. Aliyekosa jaribio anaweza kulifanya baada ya masomo, mradi ana mwenza. Mimi napiga deki pale kuanzia saa tisa na nusu."

"Wewe umezisoma sheria zile lini?"

"Binti, mimi ndiye niliyeupigilia misumari ubao ule."

Jumatatu saa tisa na nusu nilikuwa pale. Shemasi aliegemeza dekio ukutani, akanawa mikono, akavaa miwani. Nikajua jambo ambalo shule nzima haikulijua, au haikutaka kulijua. Bwana Haskew hakuwahi kuandaa jaribio hata moja. Kila jioni aliacha kikaratasi mezani, "jaribio la saba" au "la nane", na Shemasi ndiye aliyepima chumvi, akachanganya asidi, akapanga chupa kwenye kila meza kabla watoto hawajafika. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa kwenye maabara ya hospitali ya jeshi. Aliingia kuosha glasi, na kwa kuwa hakuna anayemficha kitu mwosha glasi, akatoka anajua kazi yote.

"Asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi," alikuwa akisema. "Na ukidondosha asidi kwenye magadi, ukiona rangi inaanza kukonyeza, punguza mkono. Tone la mwisho halitaki haraka."

Tuliwasha moto siku ile. Usinicheke, lakini nilipouona ule moto wa buluu, wa kweli, wangu mwenyewe, macho yalinijaa machozi na nikasingizia moshi, na gesi haina moshi. Tulipomaliza akatoa kalamu ya wino kifuani, akaandika kwenye mstari wa mwenza kwa ule mwandiko wake wa vyeti vya ubatizo: Theophilus Gadsden.

"Shemasi, watakufukuza kazi!"

"Kwa jina hilo? Binti, katika jengo hili hakuna anayelijua."

Na kweli. Daftari lilirudi: tisini na mbili. Juu pale kwenye mwenza, Bwana Haskew alikuwa ameweka alama ya vyema. Unauliza kwa nini hakuniuliza huyo Theophilus ni nani? Kuniuliza kungemlazimu kunisemesha. Kulikuwa na darasa jingine la kemia la mchana, akajifanyia uamuzi kwamba ni mtoto wa huko. Tukarudia yale sita, tukaendelea na mengine. Tisini. Tisini na tano. Tisini na nne. Miezi mitatu nilikula raha za kemia kama mtu aliyepewa funguo za ghala.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na aliyetaka sifa hapa alikuwa mkuu wa shule, Bwana Trotman. Jaji aliyeamuru shule ile inipokee alitaka ripoti kila baada ya miezi mitatu. Bwana Trotman akatafuta kitu kizuri cha kumwandikia jaji, akakosa, mpaka akafikia daftari langu. Akaandika kwa madaha kwamba mwanafunzi mweusi anafanya majaribio bega kwa bega na mwenzake mweupe, Theophilus Gadsden, bila taabu yoyote. Akatia saini. Asitosheke, akaipeleka na kwenye gazeti la mji.

Loo! Simu zilianza kulia kabla watu hawajamaliza kahawa. Mtoto wa nani huyu? Gadsden gani hao? Wengine wakasema ni watu wa kaskazini waliohamia karibu na kiwanda cha pamba. Wengine wakaapa wamemwona, ana nywele nyekundu. Kijana mmoja aitwaye Theodore alichapwa na baba yake kwanza, akaulizwa baadaye. Wazee wa bodi ya shule wakamwambia Bwana Trotman wanamtaka huyo mvulana anayesimama bega kwa bega na msichana mweusi, na wanamtaka wiki hiyo hiyo. Na muda wote huo Theophilus Gadsden anapiga deki chini ya miguu yao, nao wanainua viatu apitishe dekio.

Niliitwa ofisini Alhamisi asubuhi. Bwana Trotman alikuwa amekaa, Bwana Haskew amesimama karibu yake, karani, Bi Lott, yuko kwenye mashine yake ya kuandikia. Na juu ya ngazi, katikati ya chumba, Shemasi alikuwa anabadilisha taa. Nikayatuma macho yangu kwenye zulia, nikayakataza kupanda.

Bwana Trotman akalisukuma daftari. "Nani huyu?"

"Mwenza wangu, mkuu."

"Nimepitia orodha ya watoto mia tano na arobaini. Hayumo."

Nikaendelea kulitazama zulia.

"Umebuni jina," akasema. "Umeghushi saini. Sasa sikiliza, wewe. Niletee Theophilus Gadsden kabla kengele ya saa nne haijalia, ama nizifute alama zote hizi, kila moja, niandike sifuri, na kemia yako iishie hapo."

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nane. Nilisikia kioo cha taa kikisuguana na chuma kule juu, polepole, kisha kikanyamaza. Nikamwona mama na mashuka yake. Nikaiona ile kofia. Nikamfikiria na Shemasi, miaka hamsini na minane, mke wake ana sukari, nani atampa kazi Pruitt akitoka pale na jina baya? Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Nilimkasirikia Trotman, na Haskew na dirisha lake, na jaji, na Dada Eulalee na glavu zake. Nilichoka kuwa mtu wa kwanza wa kitu.

"Basi andika sifuri, mkuu," nikasema.

Ngazi ikalia. Shemasi akashuka, kidato kwa kidato, taa iliyoungua mkononi. Akasimama mbele ya meza.

"Niko hapa, mkuu."

"Nakuona, Sonny. Umemaliza? Toka basi, tuna mazungumzo."

"Umemwita Theophilus Gadsden. Niko hapa."

Bwana Trotman akacheka. "Sonny, leo si siku ya masihara."

"Sonny alifariki mwaka wa arobaini na saba, mkuu. Nilimzika mimi. Nilichukua dekio lake, jina sikuchukua."

Bwana Haskew alikuwa amegeuka mwekundu mpaka masikioni. Nadhani yale majaribio yote yalikuwa yanampitia kichwani, chupa kwa chupa. Bwana Trotman akamgeukia karani. "Bi Lott?"

Bi Lott hakuinua uso kutoka kwenye mashine. "Ndilo jina lake, mkuu. Ndilo ninaloandika kwenye bahasha yake kila mwezi." Basi alilijua. Ripoti ya jaji aliipiga chapa yeye mwenyewe, akaliona jina, akaliacha. Sijui kwa nini mpaka leo, na sikuwahi kumuuliza.

Sasa Bwana Trotman akaanza kuhesabu mitego yake. Akizifuta alama zangu, itabidi amwandikie jaji kwamba ripoti ile, yenye saini yake, ilikuwa uongo. Kwamba watoto weupe ishirini na watatu hawakukubali kusimama na msichana mmoja. Kwamba anayejua kemia katika shule yake ni mfagizi. Mwishowe akasema alama zibaki zilivyo, na kuanzia siku hiyo sheria iandikwe upya: mwenza awe mwanafunzi.

"Na wewe," akamwambia Shemasi, "weka funguo mezani."

Shemasi akaziweka. Akaweka na ile taa iliyoungua, taratibu, isije ikavunjika.

Jioni nilimkuta barazani kwake anamenya karanga. Nikaanza kulia, na nilipoanza sikuweza kunyamaza.

"Nyamaza, binti. Wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Hawa wangalau wameniambia."

"Shemasi, usinitanie! Miaka kumi na tisa!"

"Ndiyo, kumi na tisa. Nilichoka kuitwa marehemu, na wewe ulikuwa unataka kuzitupa alama zangu. Zile ni zangu pia, ujue. Nimesaini." Akanisogezea bakuli la karanga. "Jumatatu ni jaribio la kumi na saba. Nenda ukalifanye."

Jumatatu ikafika. Kwenye ubao wa maabara palikuwa pamebandikwa karatasi mpya: mwenza awe mwanafunzi. Meza zilikuwa tupu. Kikaratasi cha Bwana Haskew kilikuwa pale pale alipokiacha Ijumaa, "jaribio la kumi na saba", hakuna aliyekisoma. Akafungua kabati la kwanza. Akafungua la pili. Shemasi alipanga chupa kwa utaratibu wake mwenyewe, zinazopatana pamoja na zinazogombana mbalimbali, na haukuwa utaratibu wa alfabeti. Bwana Haskew akatoa chupa, akarudisha, akaangusha moja, akafuta. Dakika kumi zikapita. Wavulana wakaanza kurushiana karatasi. Kumi na tano.

Halafu akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa, macho yake yakanitua usoni.

"Leontine. Sonny alikuwa anaweka wapi magadi?"

Nikasimama na adabu zangu zote. "Nani, mwalimu?"

"Sonny. Yule mfagizi."

"Sonny simjui, mwalimu. Nasikia alifariki."

Mtu akaguna mbele. Bwana Haskew akajaribu tena. "Gadsden."

"Gadsden yupi? Kanisani kwetu wako saba."

Alinitazama. Akalitazama darasa, ishirini na watatu, wameacha kurushiana karatasi. Najua alitamani dirisha.

"Bwana Gadsden," akasema, kwa sauti ndogo.

"Aa! Bwana Gadsden. Magadi yako rafu ya chini upande wa kushoto, nyuma ya ile mitungi mikubwa. Asidi iliyopimwa aliiacha nyuma ya mlango. Glasi za kudondoshea zimo sandukuni, amezifunga kwa gazeti." Nikakaa. "Lakini mimi siwezi kuzigusa, mwalimu. Sina mwenza."

Akatoa magadi, akayaweka mezani. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Carolyn Stukes. Nenda meza ya nyuma."

Carolyn alikuwa mmoja wa wale watatu waliobanana. Akaja na kiti chake, akikiburuza kwa makusudi, akakaa ukingoni kabisa. Mtoto wa mtu akawa amelazimishwa, na dari haikuanguka. Nikamsogezea daftari na kalamu. Akaandika jina lake kwa herufi za hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni nikapitia barazani kwa Shemasi. Alikuwa na karanga zake.

"Walivipata vitu?"

"Baada ya robo saa. Aliniuliza mimi."

"Na mimi aliniita nani?"

"Bwana Gadsden. Mbele ya darasa zima."

Mikono yake ikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mti wa jirani.

"Na mmepata ngapi?" akauliza mwishowe.

"Themanini na nane. Amesahihisha pale pale."

"Themanini na nane!" Akaliweka bakuli chini kwa kishindo. "Baada ya tisini na tano? Nani aliharakisha tone la mwisho?"

"Mwenza wangu," nikasema.